Waya wa umeme wa amplifaya, soketi, athi na stabilaiza: maswali ninayoulizwa kila siku kuhusu umeme wa mziki wa nyumbani

Kila aliyenunua amplifaya nzuri na spika nzuri kuna siku atakutana na mtu wa kumwambia "umeme wako ndio unaua mziki, badilisha waya", na hapo ndipo hela inaanza kutoka. Mimi kazi yangu ni kufunga mziki majumbani na kutengeneza amplifaya hapa Dar, kwaiyo maswali haya nayapata kwa simu, kwa voisi, wengine wananisubiri kabisa nimalize kazi wanivute pembeni. Nimeyakusanya. Naongelea umeme wetu huu huu wa volti 230 na hezi 50, ule wa TANESCO wenye mita ya LUKU, na ndugu zetu wa Kenya mnaotumia 240 mengi humu ni yale yale.

Nikiweka waya mnene wa umeme nyuma ya amplifaya, mziki utapendeza zaidi?

Kama waya uliopo ni mzima na unatosha, hapana. Tupige hesabu pamoja uone. Waya wa kawaida unaokuja na amplifaya una urefu wa mita moja na nusu na unene wa 0.75, yani milimita za mraba 0.75 za shaba. Umeme unaenda na kurudi kwaiyo ni mita tatu, na ukinzani wake wote unakaribia omu 0.08. Amplifaya ikivuta ampia 2, na hapo ni mziki wa kuamsha mtaa, waya huo unakula volti 0.16. Ukiutoa ukaweka mnene wa 2.5 utakula volti 0.05. Umeokoa volti 0.11 kati ya 230. Sasa chukua maltimita upime soketi yako: kwangu mimi saa nane mchana inasoma 232, ikifika saa mbili usiku mtaa mzima umerudi nyumbani, pasi, feni, jiko la umeme, nasoma 206. Umeme wenyewe umeshuka volti 26 na amplifaya bado inapiga, alafu sisi tunahangaika na sehemu ya kumi ya volti moja.

Na kuna jambo ambalo muuza waya hakwambii, amplifaya haipigi mziki kwa umeme wa ukutani moja kwa moja. Umeme unaingia kwenye transfoma unashushwa, unapita kwenye daiodi unageuzwa kuwa wa upande mmoja, alafu unajazwa kwenye zile kapasita kubwa kubwa ukifungua unaziona zimesimama kama makopo. Hizo ndizo zinazolisha spika. Zinajazwa mara 100 kila sekunde na hapo katikati amplifaya inakula akiba. Ni sawa na nyumba yenye simtanki, ukioga unaoga maji ya simtanki sio ya bomba la barabarani, na bomba la kujazia simtanki ukilibadilisha kipande cha mwisho ukaweka cha gharama maji ya kuoga hayawi matamu.

Mbona jamaa yangu kabadilisha na anaapa anasikia tofauti?

Simwiti muongo, anasikia kweli. Ukishatoa laki kadhaa kwenye kitu unakaa kukisikiliza vizuri kuliko ulivyowahi kusikiliza, na unasikia mambo ambayo yalikuwepo siku zote. Alafu kuna sababu ya pili ambayo watu hawaifikirii: alipochomoa ule wa zamani na kuchomeka mpya alisugua pini zilizokuwa na kutu na vumbi la miaka mitano, kwaiyo kuna kitu kilibadilika kweli ila sio waya. Chomoa wako wa sasa, futa pini, chomeka tena mara tatu nne uone.

Mwaka 2004 huko California wapenzi wa mziki walikaa kusikiliza waya wa umeme wa kampuni ya Nordost, wa bei ya zaidi ya dola elfu mbili, wakiulinganisha na waya wa kawaida unaokuja na mashine, bila kuambiwa ni upi umechomekwa. Majibu sahihi yalikuwa 73 kati ya 149. Ukirusha shilingi juu unapata hivyo hivyo. Na hao ni watu wenye masikio na mashine za maana, sio watu wa kuokoteza.

Ukitaka kujaribu mwenyewe mwambie mdogo wako abadilishe waya wewe ukiwa nje ya chumba, mara kumi, wakati mwingine asibadilishe, wewe unaandika tu ni upi, alafu mkagueni karatasi mwisho.

Kwaiyo waya wowote tu twende?

Hapana hapana, hapo utaunguza nyumba. Waya mbovu una madhara makubwa kabisa, ninachokataa ni kuongeza gharama juu ya waya ambao tayari ni mzima.

Shida yetu kubwa huku ni waya feki. Juzi nilikata waya ulioandikwa ubavuni 3 x 1.5, kwa nje mnene unapendeza, nikachuna plastiki nikakuta plastiki yenyewe ndio imejaa, nyuzi za ndani ni chache unaweza kuzihesabu bila miwani. Nikachukua wembe nikakwangua uzi mmoja: juu mwekundu wa shaba, chini yake mweupe. Hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba, kwaiyo waya ambao unene wake umeshaibiwa unaibiwa tena kwenye madini. Ukiupinda mara chache unakatika kama tambi mbichi, na uzi mmoja ukiuweka kwenye moto wa jiko la gesi unasinyaa na kuyeyuka wakati wa shaba unakuwa mwekundu tu na kubaki. Hata uzito utakwambia, shika mzunguko wa waya wa shaba na mzunguko wa huo mwingine mikono miwili dukani, hauhitaji mizani. Angalia alama ya TBS, na usione aibu kumwomba muuzaji akuchunie ncha. Akikataa ondoka.

Kwa matumizi: zile sabufa za kawaida na redio zenye waya wa matundu mawili, ule wa umbo la namba nane, waya wake unatosha usiuguse. Amplifaya kubwa yenye tundu la pini tatu kama la kompyuta, waya wa 1.0 au wa 1.5 wa shaba halisi ni mzuri na hauna haja ya zaidi. Ukitaka kutengeneza mwenyewe nunua waya laini wa nyuzi nyingi wa 3 x 1.5, plagi nzuri yenye fyuzi, na kichwa cha upande wa amplifaya cha kufungua kwa skrubu. Kumbuka plagi ikiwa wazi mbele yako pini ya athi juu: kahawia (laivu, waya unaoleta umeme) kulia kwenye fyuzi, bluu (nyutro, waya wa kurudisha) kushoto, kijani na njano (athi, waya wa kwenda ardhini) juu. Nyumba za zamani utakuta nyekundu ndio laivu na nyeusi ndio nyutro.

Ekstensheni je?

Hii ndio inayoua mziki wa wengi kuliko kitu chochote. Ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, humo kuna tivii, king'amuzi, sabufa, chaja tatu na jioni mama anachomeka pasi. Nunua moja nzuri yenye waya wa 1.5, ichomeke ukutani moja kwa moja, weka vitu vya mziki peke yake. Pasi, jagi la kuchemshia maji na friji visikae humo. Na kama waya wa ekstensheni ni mrefu usiuache umeviringishwa kama kamba huku unavuta umeme mwingi, unapika joto katikati ya mviringo na plastiki inalainika.

Soketi ya ukutani ina uhusiano gani na mziki?

Hapa nataka mnielewe vizuri kwasababu ndipo ninapoona hasara nyingi.

Kuna nyumba niliwahi kupanga, sabufa yangu ilikuwa inakwaruza kwaruza usiku. Mara "krrr", inatulia, mara inazima nusu sekunde inarudi. Nikafungua amplifaya nikagusa viungo vyote kwa lehemu, hamna. Nikabadilisha waya wa spika. Hamna. Siku moja nimeegemea ukuta mkono ukagusa soketi, ya moto. Sio vuguvugu, ya moto kama kikombe cha chai. Nikashusha meinswichi, nikafungua. Waya wa nyutro ulikuwa umeingia kwenye tundu lakini skrubu imekaza kwenye plastiki ya waya badala ya shaba, kwaiyo miaka yote umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi mbili tatu zilizobahatika kugusa. Plastiki ilishakuwa nyeusi na ngumu kama mkaa, ile harufu ya samaki aliyeoza niliyokuwa nalaumu jikoni ilikuwa inatoka humo. Aliyefunga soketi hiyo simjui mpaka leo, ila nilikata sentimita tatu za waya ulioungua, nikaweka soketi mpya, nikakaza, na kelele ziliisha siku hiyo hiyo.

Hesabu yake ni hii. Kiungo kilicholegea kinaweza kuwa na omu 1. Ikipita ampia 5 hapo, joto linalozaliwa ni wati 25. Fundi redio yeyote anajua pasi ya lehemu ya wati 25 inafanya nini, na wewe umeiweka ndani ya ukuta karibu na pazia.

Kwaiyo kabla ya kununua chochote: plagi ikiingia kwenye soketi ibane, isicheze. Ikicheza, au soketi ina rangi ya kahawia kuzunguka matundu, au ukigusa baada ya saa moja ya mziki ni ya moto, badilisha soketi. Ni kazi ya dakika ishirini. Meinswichi ikiwa chini kweli, na umehakikisha kwa testa, maana nimekuta nyumba nyingi laivu na nyutro zimebadilishwa na swichi ya soketi inakata nyutro, unadhani umezima kumbe laivu iko pale pale.

Redio yangu ina plagi ya pini mbili nyembamba, naisukumia kwa kalamu, kuna ubaya?

Upo. Soketi zetu za mtindo wa Kiingereza zina milango midogo ndani inayofunguliwa na ile pini ndefu ya athi, ukitumia kalamu au njiti unafungua mlango kwa lazima, pini nyembamba zinaingia zinaning'inia bila kubanwa, alafu hamna fyuzi kabisa kati ya redio na breka ya ukutani. Wati 25 zile za juu zinarudi hapa. Kata hiyo plagi weka ya pini tatu yenye fyuzi, au tafuta adapta yenye fyuzi inayobana.

Fyuzi ya plagi niweke ngapi?

Fyuzi inalinda waya. Vitu vya hadi wati 700 hivi ni ampia 3, ila amplifaya yenye transfoma kubwa ya duara inavuta kwa nguvu sekunde ya kwanza ukiiwasha na inaweza kuikata ya 3, weka 5. Ya 13 ni ya pasi na majagi, na inataka waya unaoweza kuibeba. Kipande cha waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi usithubutu hata kwa usiku mmoja. Fyuzi ya ndani ya amplifaya weka namba ile ile iliyoandikwa, na kama kuna herufi T mbele yake tafuta ya T, ni ile inayovumilia mshtuko wa kuwasha. Zile fyuzi zinazouzwa eti za mziki, za dhahabu, acha.

Nikigusa bodi ya amplifaya, yani boksi lake la chuma, nasikia kama ganzi, inanipiga shoti kidogo. Imeharibika?

Mara nyingi haijaharibika, nyumba haina athi. Ndani ya amplifaya nyingi na kompyuta kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele, moja kutoka laivu kwenda kwenye bodi na nyingine kutoka nyutro. Zimetengenezwa kwa kutegemea kwamba bodi imeungwa na ardhi. Athi isipokuwepo bodi inabaki inaelea katikati, kama volti 115, na testa inawaka kabisa. Mkondo wake ni mdogo sana, chini ya miliampia moja, ndio maana unasikia ganzi badala ya kurushwa. Ila usiizoee, kwasababu siku transfoma ikivuja kweli utasikia ganzi ile ile mwanzoni na hutajua tofauti, alafu ukiwa peku kwenye sakafu yenye maji hupati nafasi ya kujua.

Dawa yake ni athi ya kweli. Nje ya nyumba panatakiwa fito imezamishwa ardhini, na waya wa kijani unaotoka hapo hadi meinswichi na hadi kila soketi. Nyumba nyingi za kupanga utakuta fito ipo ila waya umekatika au uliibiwa shaba yake, au upo mpaka meinswichi na soketi hazikuungwa. Kipindi cha kiangazi udongo ukikauka athi nayo inadhoofika, sehemu za mchanga ndio zaidi. Mwite fundi aipime kwa kifaa chake, na muombe akufungie na ile breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30. Hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ningetumia hela yangu, kabla ya spika, kabla ya waya, na hasa kama kuna watoto.

Spika zinavuma "mmmmm" hata mziki ukiwa umezimwa. Ni umeme mchafu?

Sikiliza kwanza ni mlio gani. Kuna mvumo mzito laini wa chini, na kuna ule mkali kidogo kama nyuki.

Mkali kama nyuki, unaosikika hata ukichomoa nyaya zote za kuingiza mziki, hiyo ni amplifaya yenyewe, kapasita zake zimechoka, ukizitazama utakuta vichwa vimevimba. Peleka kwa fundi, waya wa dhahabu hautasaidia.

Mvumo mzito unaokuja ukichomeka tivii au kompyuta au king'amuzi ni mzunguko wa athi. Vifaa viwili vimeungwa kwa waya wa mziki, alafu vimeungwa tena kwa njia nyingine kupitia athi ya umeme au waya wa dishi, na mkondo mdogo unazunguka humo na amplifaya inaukuza. Chomoa kimoja kimoja. Kwangu mimi mara nyingi mhalifu ni waya wa dishi: toa ule waya mzito nyuma ya king'amuzi, mvumo ukikata umeshampata. Alafu unanunua kile kikopo kidogo cha kutenganisha, kina transfoma mbili ndogo ndani, unaweka kati ya king'amuzi na amplifaya kwenye nyaya za nyekundu na nyeupe. Kama tivii ina tundu la mwanga tumia hilo kabisa, mwanga hauna athi.

Na ile laptop au simu kwenye AUX, ikiwa kwenye chaji inapiga kelele, ukichomoa chaji kimya, ni jambo lile lile pamoja na chaja duni. Chaji kwanza ndio upige mziki, au tumia bluetooth.

Kitu kimoja tu usifanye. Kuna mafundi watakwambia kata pini ya athi kelele iishe. Itaisha kweli. Na siku bodi ikipata laivu hakuna kitakachokata, mpaka mtu aguse.

Pia nyaya za mziki zisifuatane na nyaya za umeme zikiwa zimefungwa pamoja na mkanda nyuma ya kabati, zitenganishe hata upana wa mkono, na zikikutana zivukane kama njia panda. Bure kabisa hiyo na inasaidia.

Amplifaya yenyewe inavuma, ukiweka sikio kwenye boksi, lakini spika kimya

Transfoma inatetemeka. Za duara zinasumbuliwa sana kama kuna kifaa mtaani au ndani kinachovuta umeme upande mmoja, kama drya ya nywele ikiwa nusu moto. Ikiwa ndogo ipuuze, ila kaza bolti ya katikati ya transfoma, bila kupitiliza.

Nivute laini ya mziki peke yake kutoka meinswichi?

Kama unajenga au unafanya ukarabati, ndio, vuta. Waya wa ukutani ni mrefu kuliko ule wa nyuma ya amplifaya kwaiyo ndio unaokula zaidi. Mita 20 za 1.5 kwenda na kurudi ni karibu omu 0.48, pasi ya wati 1000 ikiwashwa kwenye laini hiyo unapoteza volti 2 hivi hapo hapo. Laini yako ya 2.5 au 4 kwenye breka ya ampia 20, yenye athi yake, inayoishia kwenye soketi mbili nzuri nyuma ya kabati la tivii, haitafanya mziki uwe mtamu kama wanavyosema, ila friji ikiwaka hutasikia "tap" kwenye spika na hutakuwa na ekstensheni sebuleni. Kwa nyumba ya kupanga achana nayo. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, na simama naye wakati anakaza skrubu.

Kuna watu wameenda mbali kuliko hapo. Mwaka 2016 gazeti la Wall Street Journal liliandika habari za mzee mmoja wa Japani wa miaka 82, mwanasheria, aliyesimamisha nguzo yake binafsi ya umeme yenye transfoma yake nje ya nyumba kwa ajili ya mziki tu, kwa kama dola 10,000. Mimi namheshimu kwa mapenzi yake. Huku kwetu mtu akipata nguzo yake ni kwasababu nyumba iko mbali, na bado anaomba majirani wasiunge.

Bass ikipiga taa zinafifia. Amplifaya inataka waya mkubwa?

Taa zikififia maana yake volti zinashuka kabla ya kufika sebuleni, kwaiyo waya wa amplifaya hauhusiki. Angalia kama ni chumba kimoja au nyumba nzima. Chumba kimoja, tafuta kiungo kilicholegea kwenye soketi au kwenye breka. Nyumba nzima, ni waya wa kutoka nguzoni, mwembamba au mrefu sana, au kiungo pale juu, na hiyo ni kazi ya TANESCO usipande mwenyewe.

Ila ukiona taa nyingine zinafifia na nyingine zinang'aa kupita kawaida kwa wakati mmoja, kimbia ukashushe meinswichi sasa hivi, chomoa kila kitu. Hiyo ni nyutro imekatika kwenye laini ya fezi tatu, na umeme unaweza kupanda kwenye soketi zako hadi kuelekea 400. Nimepokea amplifaya nne za mtaa mmoja, zote zimeungua usiku mmoja kwa sababu hiyo.

Stabilaiza au gadi ya friji?

Gadi inakata tu umeme ukishuka au kupanda sana, alafu inasubiri dakika kadhaa umeme ukirudi. Kwa watu wengi hiyo inatosha, maana kinachoua mashine ni ule mshtuko umeme unaporudi baada ya kukatika. Stabilaiza inarekebisha volti, inunue kama kipimo chako cha usiku kinashuka chini ya 200 mara kwa mara. Zipo za rilei zinazolia "tak tak", bei nafuu, zinaruka kwa hatua, na zipo za mota zinazozunguka taratibu, hizi ni nzuri zaidi kwa mziki ila brashi yake inaisha inataka kubadilishwa. Chukua yenye uwezo mara mbili ya kilichoandikwa nyuma ya mashine zako, na iweke mbali na nyaya za mziki maana nayo ina transfoma inayovuma.

Ninaposema kilichoandikwa nyuma naongelea ile bati ndogo yenye neno la matumizi ya umeme, wati 60, wati 150. Ile ya kwenye boksi, "PMPO 8000", haihusiani na umeme wowote unaoingia wala kutoka. Ingekuwa kweli breka ya 20 ingekata kabla wimbo haujaanza.

Radi je, zile soketi za kuzuia radi zinasaidia?

Zinasaidia kwa mishtuko midogo, na nyingi zinataka athi nzuri ili zimwage huo umeme, bila athi zinafanya nusu kazi. Alafu zinachakaa, kile kitaa kidogo kikizima ujue ni ekstensheni ya kawaida tu. Masika na vuli, wingu likiunga, chomoa plagi ukutani NA waya wa dishi na antena. Watu wanachomoa plagi wanaacha dishi, na dishi ndilo lililoko juu ya bati.

Nimeletewa amplifaya kutoka Marekani au Japani, nichomeke?

Usichomeke. Ya Marekani ni volti 120, ya Japani ni 100, ukiweka kwenye 230 yetu unasikia mlio mmoja na moshi. Geuza nyuma usome. Kama kuna swichi ya kuchagua 110 na 220 igeuze kabla. Kama imeandikwa 100 hadi 240 chomeka bila wasiwasi. Kama ni 120 tu, nunua transfoma ya kushusha yenye uwezo mara mbili. Za Marekani zilizoandikwa hezi 60 pekee zinapata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu, ipe hewa na ikague siku za mwanzo. Na ya Japani inataka transfoma ya kutoa 100, ile ya 110 inaizidi kidogo na kwa umeme wetu unaopanda usiku wa manane sikushauri.

Natumia sola, mziki unakoroma kwenye inveta

Inveta yako inatoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini. Transfoma ya amplifaya inaupokea kwa kelele na kwa joto. Badilisha uweke ya wimbi safi, au kama mziki ni wa kawaida wa sebuleni acha kabisa kupitia inveta: zipo bodi ndogo za amplifaya zenye chipu ya TPA3116 ya Texas Instruments zinazokula umeme wa betri moja kwa moja, kuanzia volti 4.5 hadi 26. Kwenye volti 21 na spika za omu 4 inatoa wati 50 kila upande, kwenye betri ya volti 12 utapata kidogo kuliko hapo lakini sebule inajaa. Weka fyuzi karibu kabisa na betri, sio karibu na amplifaya, maana betri ikipata shoti inatoa moto kuliko ukuta. Na hapa, kwenye volti 12, ndipo waya mnene una maana kweli: ampia 5 kwenye omu 0.2 ni volti 1 nzima imepotea kati ya 12, kwaiyo fupisha waya, tumia wa 4, na kaza vichwa vya betri.

Mziki unakula LUKU kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. Uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, mashine inayovuta wastani wa wati 100 inapiga saa kumi kwa uniti moja. Kama uniti zinakwisha haraka mtazame friji yenye mpira uliochakaa.